Kuikwamua Injini Iliyojamu

Soma kifungu hiki kisha ujibu maswali.

Gari la petroli likiegeshwa miaka mingi bila kuwashwa, injini yake huweza kujamu. Sababu kubwa ni kutu. Injini inapozimwa, baadhi ya vali hubaki wazi. Hewa yenye unyevu huingia ndani ya silinda, na ringi za pistoni hushikana na ukuta wake.

Wengi hukimbilia kulivuta gari au kulazimisha stata. Hilo ni kosa: ringi huweza kuvunjika na mkono wa pistoni kupinda. Haraka haraka haina baraka.

Kwanza, tenganisha betri na uweke gia huru. Pili, fungua plagi zote, mimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda, kisha subiri siku kadhaa ipenye kwenye kutu. Tatu, kwa spana ndefu, zungusha bolti ya krenkshafti taratibu, mbele na nyuma. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena. Nne, injini ikizunguka mzunguko kamili, badilisha oili, rudisha betri, kisha piga stata plagi zikiwa nje ili oili iliyo ndani ya silinda irushwe nje. Usiinamie injini wakati huo. Kimiminika hakishindiliki, kikibaki ndani, kitavunja ulichokinusuru.

Maswali
1. Eleza madhara mawili ya kutumia nguvu. (alama 2)
2. Kwa nini stata hupigwa plagi zikiwa nje? (alama 2)

Kidokezo: Swali la 2 linataka sababu, si hatua.