Daftari la Sukari na Kikombe cha Babu

Machi 2011, hata huku Mbweni gumzo lilikuwa Loliondo tu. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akinywesha watu kikombe cha dawa ya miti kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, na foleni ya magari ikihesabiwa kwa kilomita. Jirani yangu, mzee mwenye kisukari, aliuza mbuzi wawili akapata nauli. Aliporudi alinionyesha daftari lake la kliniki: kabla ya safari sukari ilikuwa 17, baada ya safari 10.

"Mwanangu, namba hazisemi uongo."

Kweli hazisemi. Ila zilikuwa mbili, na daftari lilikuwa limejaa. Mwishoni mwa mwaka nilimwomba tufunue kurasa za nyuma. 11, 9, 16, 10. Halafu 8, 12, 15, 9. Kila ilipopanda sana, kipimo kilichofuata kilishuka, na wakati huo hakuna aliyeijua Samunge. Mzee hakufunga safari sukari ilipokuwa 9. Aliifunga ilipofika 17, alipoanza kuona kiza. Aliyesimama kileleni, kokote aendako ni mteremko.

Mwingereza Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 kwa kupima vimo vya watu: watoto wa wazazi warefu mno, kwa wastani, walikuwa wafupi kidogo kuliko wazazi wao. Wanatakwimu huliita kurudi kwenye wastani. Maradhi mengi ya kudumu hupanda na kushuka, nasi hukimbilia tiba yakipanda. Tukinywa chochote siku hiyo, hata maji ya dafu, nafuu ikija tunakipa sifa. Ndiyo maana habari hii inaniuma: wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kuiamini nafuu ya namna hiyo, wakiwamo wenye virusi vya UKIMWI, na virusi hivyo haviondoki mwilini kwa nafuu ya kupita.

Nilichora visanduku vinne kwenye jalada la nyuma la daftari la mzee. Waliokunywa wakapata nafuu, waliokunywa wasipate, wasiokunywa wakapata, wasiokunywa wasipate. Dawa hupimwa kwa kulinganisha visanduku vyote, na sisi vibarazani mwaka mzima tulikuwa tukijaza cha kwanza peke yake, kwa kuwa aliyepata nafuu ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kusimulia.

Mzee alishika kalamu. Cha kwanza alikijaza bila kusita, majina saba, kuanzia Mbweni hadi Tegeta. Wasiokunywa hakuwa amewahi kuwawazia kabisa. Akaviruka visanduku vyao. Kwenye cha pili kalamu ilisimama muda mrefu.

"Yupo yule mama tuliyekaa naye siti moja wakati wa kurudi," alisema mwishowe. "Alikuwa anaimba njia nzima. Tulimzika kabla ya Ramadhani."

Akaandika jina lake.