Tarehe ya Kesho katika Hazina ya Mtandao (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulieleza jinsi Brewster Kahle alivyoasisi hifadhi ya mtandao huko San Francisco mwaka 1996, ambayo kufikia Oktoba 2025 ilikuwa na kurasa trilioni 1. Leo natuitazame kwa macho ya mwanahistoria atakayetaka, baada ya nusu karne, kuandika habari za Njombe na Makambako.

Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Basi atakayeiamuru mashine imtafutie “Mkoa wa Njombe” aghalabu atapewa habari za tangu hapo, na zile zilizoandikwa “Njombe, mkoani Iringa” zitamponyoka, ilhali ndizo zenye asili ya mambo.

Fauka ya hayo kuna tarehe, na hapa namwomba msomaji atulie nami kitambo. Anwani ya kila ukurasa uliohifadhiwa ina tarakimu 14, za mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Nazo hazisemi habari iliandikwa lini, bali mashine ya hifadhi ilipita lini kuichukua, tena kwa saa za Greenwich, hata ukurasa uliochukuliwa saa nane ya usiku wa Makambako huandikiwa tarehe ya jana. Maneno yake huweza kuwa ya mwezi huu na picha iliyo kando ya mwezi mwingine, kwani mashine huokota kila kimoja kwa wakati wake, kisha ikaviweka pamoja kana kwamba vilizaliwa siku moja.

Lakini hofu yangu kubwa ni juu ya wasioandika. Makambako ni njia panda ya barabara ya Zambia na ya Songea, na ni stesheni ya TAZARA, hivyo ajali za malori hazikosi mwandishi. Lakini mkulima wa viazi anayedhulumiwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, huyo husemewa na mbunge au na waziri. Hati za Wajerumani nazo zilivieleza hivyo, kwa upande mmoja, vita vya Maji Maji, vilivyofika hata misheni ya Yakobi karibu na Njombe Septemba 1905, mpaka mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuwauliza wazee. Kazi kama ile yapasa ifanywe sasa, sokoni Makambako, wakati wenye magunia wangali hai na wanakumbuka bei.

Juma lijalo tutaeleza namna mashine inavyohesabu maneno katika mamilioni ya kurasa, na mahali inapokosea Kiswahili.