Kwa nini kompaila hujengwa mara tatu

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo chanzo, yaani maagizo yaliyoandikwa na mwanadamu, kuwa lugha ya mashine. Lakini kompaila nayo ni programu. Ni nani basi anayeigeuza?

GCC, iliyotolewa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1987, hulijibu swali hilo kwa hatua tatu. Kwanza mjenzi huiandaa kulingana na kompyuta yake, akitaja lugha anazozihitaji na mahali pa kuiweka. Kisha kompaila iliyopo hujenga ile mpya. Ile mpya hujenga ya pili. Nayo ya pili hujenga ya tatu. Kwa kuwa msimbo chanzo ni uleule, ya pili na ya tatu hazina budi kufanana. Zikitofautiana, ujenzi husimama.

Hata hivyo, kufanana si ithibati ya usalama. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alieleza kwamba kompaila iliyotiwa hila huweza kuirithisha hila hiyo kwa kizazi kipya, ingawa msimbo chanzo hauna doa. Kwa hiyo kuusoma msimbo hakutoshi. Ni lazima pia ijulikane kompaila ya kwanza ilitoka wapi.