Siri za Benki na Bei ya Sabuni

Mke wa askari anunuapo kipande cha sabuni, kodi imo ndani ya bei yake, wala hana pa kuikwepea. Tajiri aliweza kwa miaka mingi kuvusha fedha zake mpaka na kuziweka katika benki ya ugenini, na ofisi ya kodi ya kwao isijue lolote.

Uswisi ndiyo iliyosifika kwa kutunza siri hizo. Kwa sheria yake ya mwaka 1934, karani aliyefichua habari za mteja alihesabiwa mhalifu. Ngome hiyo haikutikiswa na vilio vya nchi maskini; iliitikisa Marekani. Mwaka 2009 benki ya UBS ilikubali kuilipa dola milioni 780 na kuipa majina ya baadhi ya wateja. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kuzibana benki za nchi nyingine ziiarifu juu ya akaunti za raia wake.

Baadaye OECD, jumuiya ya nchi tajiri yenye makao Paris, ilianzisha utaratibu wa serikali kupashana habari za akaunti kila mwaka bila kuombana. Habari za kwanza zilipelekwa mwaka 2017. Ajabu ni kwamba Marekani, iliyokuwa mstari wa mbele kudai siri za wenzake, haikujiunga.

Kuna na sharti: nchi isiyoweza kutoa habari zake, kwa mitambo na sheria za kuzilinda, haipewi za wengine. Kwa hiyo anayeibiwa sana ndiye wa mwisho kuambiwa mwizi ni nani. Mwaka 2015 jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilikadiria kuwa fedha zinazotoroshwa Afrika zinapita dola bilioni 50 kwa mwaka.

Ndipo nchi za Afrika zilipolipeleka shauri Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi ina kura moja. Novemba 2023 azimio lao la kutaka mkataba wa kodi lilipata kura 125. Nchi 48 zilipinga, zikiwemo Marekani, Uingereza na Japani, nyingi zikidai kwamba kazi ya OECD ingerudiwa bure. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama waliotunga kanuni za OECD wangewasikiliza wote tangu mwanzo.

Februari 2025 ujumbe wa Marekani ulitoka mkutanoni New York. Waliobaki waliendelea na kazi, na ratiba yao ni kuufikisha mkataba mbele ya Baraza Kuu mwaka 2027.