Bei ya Kifaru: Majaribio na Usawazishaji katika Mchezo wa Vita wa Sanamu

Utangulizi

Wachezaji wawili wanapoketi kucheza bao la Kiswahili, hakuna anayelalamika kwamba mwenzake amepewa jeshi bora. Kila mmoja ana kete 32, na sheria ni zile zile kwa wote. Anayefungwa hujilaumu mwenyewe. Hata hivyo, upo mchezo ambao pande zake hazilingani tangu mwanzo, nao ni mchezo wa vita wa sanamu. Wachezaji hupanga juu ya meza sanamu ndogo za askari na vifaru, wakapima masafa kwa utepe na kuamua matokeo ya kila pigo kwa kutupa dadu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mbunifu wa mchezo huu anavyosawazisha vikosi ambavyo katika historia havikuwa sawa, na kwa nini kazi hiyo haikamiliki bila majaribio.

Ifahamike kwamba mchezo huu si wa watoto pekee. Mnamo mwaka wa 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafunza maafisa wake kwa mchezo uliobuniwa na ukoo wa von Reisswitz. Mwaka wa 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha sheria za kupiganisha sanamu. Kifaru chenyewe kilikuwa bado hakijazaliwa: kiliingia vitani kwa mara ya kwanza Septemba 1916, katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa.

Tatizo la bei

Aghalabu mbunifu hukipa kila kifaru bei ya pointi, kisha kila mchezaji akanunua kikosi kwa jumla ile ile ya pointi. Hebu tutazame mapigano ya Normandy ya mwaka wa 1944. Upande mmoja tuna Tiger ya Kijerumani, yenye deraya ya milimita 100 kwa mbele na mzinga wa milimita 88. Upande wa pili tuna Sherman ya Kimarekani, ambayo kwa kawaida ilibeba mzinga wa milimita 75. Wajerumani waliunda Tiger za aina hiyo ya kwanza zipatazo 1,350 tu, ilhali Wamarekani waliunda Sherman zipatazo 49,000. Je, Tiger moja ina thamani ya Sherman ngapi?

Tuchukulie kwamba kifaru kimoja cha Tiger kina ubora mara nne ya kifaru cha Sherman. Mbunifu mchanga atasema mara moja kwamba bei yake nayo iwe mara nne, na kwa hivyo Tiger 3 zikabiliane na Sherman 12. Hapo ndipo anapoteleza. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1916, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha kwamba, pale ambapo kila silaha inaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi ni ubora wa silaha ukizidishwa kwa mraba wa idadi. Tiger 3 zitakuwa na nguvu ya 4 × 3 × 3, yaani 36. Sherman 6 zitakuwa na 6 × 6, yaani 36 vilevile. Zikiwa 12, nguvu yake ni 144, nazo zitawalemea Wajerumani. Kwenye uwanja wa wazi, basi, Tiger hiyo ina thamani ya Sherman 2 tu.

Lakini tuhamishie vikosi hivyo kwenye vijia vya Normandy, vilivyobanwa na kuta za udongo na vichaka virefu. Humo vifaru hukutana kimoja kwa kimoja, na vilivyo nyuma havioni wala havifyatui. Wingi hautumiki tena kwa pamoja, na Tiger ile ile sasa inahitaji Sherman 4. Kifaru hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ardhi. Hii ndiyo hoja yetu ya msingi: bei haikai ndani ya kifaru, bali hukaa katika pambano zima.

Namna ya kujaribu

Kwa kuwa hakuna hesabu ya mezani inayoweza kukumbatia mambo yote hayo, mbunifu hana budi kujaribu. Kwanza, wachezaji wabadilishane pande na kurudia pambano lile lile, ili ustadi wa mtu usidhaniwe kuwa ubora wa kikosi. Pili, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja. Tuseme Sherman hulenga shabaha dadu ikionyesha 4 hadi 6, kisha hutoboa deraya ya mbele kwa 6 pekee. Uwezekano wa kufaulu ni 1 kati ya 12. Ukiruhusu itoboe kwa 5 pia, uwezekano unakuwa 1 kati ya 6. Badiliko linaloonekana dogo limeongeza hatari maradufu.

Tatu, matokeo machache yasiaminiwe haraka. Hata pande zikiwa sawa kabisa, uwezekano wa upande mmoja wowote kushinda michezo 7 au zaidi kati ya 10 ni takriban asilimia 34. Nne, sheria wapewe watu wasiozijua, nao wacheze bila mbunifu kuwafafanulia lolote. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Mbunifu anayeihusudu Tiger huipendelea pasipo kujua, na ni mgeni pekee atakayemwonyesha ngozi ilivyovutwa.

Usawa na ukweli

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa vita vyenyewe havikuwa vya haki, kwa nini tuvisawazishe? Swali hili ni zito. Mbunifu akiidhoofisha Tiger ili mchezo upendeze, atakuwa ameisingizia historia. Akiiacha itambe bila gharama, atawafunza vijana kwamba chuma kinene ndicho kilichoamua vita, ilhali Tiger zilikuwa adimu, zilikula mafuta mengi na ziliharibika mara kwa mara.

Njia bora ni kusawazisha lengo badala ya silaha. Mchezaji mwenye Sherman asitakiwe kuwaangamiza Wajerumani wote. Atakiwe kulifikia daraja kabla ya zamu ya nane. Mwenye Tiger naye ahesabiwe kila kifaru anachopoteza, kwa kuwa hana kingine. Katika mpango huu vifaru vinabaki kama vilivyokuwa, na bado kila mchezaji ana njia ya kushinda. Idadi ya zamu ndiyo itakayorekebishwa kwa majaribio.

Hitimisho

Tumeona kwamba usawa katika mchezo huu haupatikani kwa kulinganisha unene wa deraya na ukubwa wa mizinga, bali kwa kujaribu, kuandika matokeo na kujaribu tena. Katika kila kifaru cha kweli mlikuwa na watu, na wengi wao hawakurudi makwao. Mbunifu anayewakumbuka hao hataridhika na mchezo unaopendeza tu. Atataka pia anayeinuka kutoka mezani awe ameelewa kwa nini mambo yalikwenda jinsi yalivyokwenda.