Uunganishaji wa Vihakiki vya Data: Mfano wa Arudhi za Shairi

Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi anapoulizwa iwapo ubeti fulani ni wa tarbia yenye mizani 16 na vina vya mtiririko, hajibu kwa mkupuo. Huhesabu mishororo, hupima mizani, kisha hulinganisha vina. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa wanaounda programu za kompyuta kwa mtindo wa fanksheni hukagua data kwa njia iyo hiyo, na kwamba namna ya kuunganisha hatua hizo ndiyo huamua iwapo mtunzi atasaidika au atasumbuka.

Kihakiki ni nini?

Fanksheni ni kanuni inayopokea kitu na kutoa jibu. Ikipewa kitu kile kile, jibu halibadiliki, wala haiathiri chochote kando yake. Mtindo huu una mizizi katika lugha ya Lisp, aliyoiasisi John McCarthy mwaka 1958, na unajitokeza bayana katika Haskell, iliyotolewa mwaka 1990. Kihakiki ni fanksheni inayopokea data na kutoa mojawapo ya mambo mawili: data iliyokubaliwa au orodha ya makosa. Tusikichanganye na mhakiki wa fasihi, ambaye hupima uzito wa kazi; kihakiki hupima umbo tu.

Kwa tarbia yetu twahitaji vihakiki kadhaa: cha idadi ya mishororo, cha mizani, cha vina vya kati na cha vina vya mwisho. Kila kimoja hujua jambo moja tu, hivyo ni rahisi kukijaribu peke yake.

Njia mbili za kuunganisha

Tuchukue ubeti wenye mishororo mitatu, ambapo mshororo wa pili una mizani 15 na wa tatu umepotoka kina cha mwisho. Vihakiki vikiunganishwa kwa mfuatano, kinachofuata hakianzi hadi kilichotangulia kiridhike. Mtunzi ataambiwa kwanza kuhusu mishororo; akisharekebisha, ataambiwa kuhusu mizani; akirudi tena, ndipo atakapojua habari ya kina. Ni safari tatu kwa makosa ambayo yangeonekana mara moja.

Njia ya pili ni ya ukusanyaji. Vihakiki vyote hukagua ubeti ule ule, na orodha zao za makosa huunganishwa kuwa moja. Conor McBride na Ross Paterson, katika makala yao ya mwaka 2008, walieleza muundo wa jumla wa uunganishaji wa aina hii, na ukusanyaji wa makosa ni mmojawapo wa mifano yao.

Hata hivyo, ukusanyaji haufai kila mahali. Kina cha kati hakiwezi kukaguliwa kabla ya kujua ukwapi unakomea wapi na utao unaanzia wapi. Mshororo usipokuwa na mkato, swali la kina cha kati halina maana. Kanuni basi ni hii: hatua inayotegemea nyingine ifuatishwe, hatua zisizotegemeana zikusanywe.

Isitoshe, vihakiki vikiunganishwa, tunachopata ni kihakiki kingine, kama vile sentensi mbili zikiungwa kwa “na” zinavyobaki kuwa sentensi. Kihakiki cha ubeti hutumika kuunda cha shairi zima. Vilevile twaweza kuunga kwa “au”, tukakubali tarbia au tathlitha.

Mipaka yake

Kihakiki cha mizani hukumbana na tatizo la lugha yenyewe. Katika “mtu mbaya”, neno la pili lina silabi tatu: m-ba-ya. Katika “nyumba mbaya” lina mbili: mba-ya. Herufi ni zile zile; kinachotofautisha ni ngeli. Kihakiki kinachohesabu irabu pekee kitamhukumu mtunzi kwa kosa asilolitenda.

Hitimisho

Imebainika kuwa uunganishaji wa vihakiki ni suala la kutambua utegemezi baina ya kanuni. Makala haya yanapendekeza kuwa programu yoyote ya kukagua arudhi ikusanye makosa yote kwa pamoja, na iwe na jibu la tatu: “pana shaka, asome mtu”. Wanaoweza kuonyesha mahali pa shaka hiyo ni wanafunzi wa Kiswahili wanaoijua fonolojia na ngeli; kazi hiyo wasiachiwe wanakompyuta peke yao.