Mgeni aliyepeleka gurudumu moja skulini Japani

Asubuhi ya kwanza nilipompeleka binti yangu skuli ya msingi huko Japani, nilisimama langoni nikishangaa. Kando ya uwanja kulikuwa na kichanja cha chuma kilichotundikwa baiskeli kama ishirini, zote za gurudumu moja. Hazina usukani, hazina mnyororo, hazina breki. Nikadhani skuli ile yafundisha sarakasi. Mwalimu aliponiona nakodoa macho akacheka, akaniambia ni za watoto kuchezea wakati wa mapumziko.

Sisi watu wa Mombasa baiskeli hii twaijua, lakini twaijua hotelini. Vijana wetu wa sarakasi huipanda usiku mbele ya watalii, na wengine sarakasi imewafikisha Ulaya. Ni kazi, na ni ya wachache. Kule Japani nilikuta ni mchezo wa mtoto yeyote, kama kuruka kamba. Miaka miwili niliyokaa kule kwa masomo, kila nilipopata mtu wa kuzungumza naye nilimuuliza: haya mambo aliwaletea nani?

Jawabu moja ni mgeni kama mimi. Jack Halpern alizaliwa Ujerumani, akaishi nchi kadhaa, kisha akahamia Japani katika miaka ya 1970. Wengi wanaomjua wanamjua kwa kamusi: ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya herufi za Kijapani kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1990, kazi iliyomchukua miaka mingi. Lakini bwana huyu alikuwa na wazimu wa pili, nao ni gurudumu moja. Alianzisha chama cha waendeshaji huko Japani, akawa pia miongoni mwa waasisi wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Syracuse, Marekani, mwaka 1984. Miaka ishirini baadaye, 2004, yalifanyika Tokyo.

Nimelifikiria sana jambo la kamusi. Mgeni anayekuja na kitu kigeni, tena kitu cha kuchekesha, akizungumza kwa mkalimani ataonekana mtu wa maonyesho tu. Watu watapiga makofi waende zao. Halpern alionekana hata kwenye televisheni za kule, lakini televisheni peke yake ingeishia pale pale hotelini petu. Mtu anayeweza kukaa na walimu na kuwaeleza kwa lugha yao kwamba mchezo huu wamfaa mtoto, huyo ni mtu mwengine. Tusimpe sifa zote peke yake, kwani Wajapani wenyewe walifanya kazi. Viwanda vya baiskeli kama Miyata vilitengeneza gurudumu moja, na wapandaji wao walionyesha kwamba si kitu cha kitoto tu: mwaka 1987 Takayuki Koike alikwenda maili 100 juu ya gurudumu moja kwa muda wa chini ya saa saba.

Lililokata shauri likaja mwaka 1989. Wizara ya Elimu ya Japani ilipobadilisha mwongozo wa masomo ya skuli za msingi, gurudumu moja likaingizwa kwenye masomo ya mazoezi ya mwili, pamoja na mironjo, ile miti ya kutembelea juu. Mwongozo ule ulianza kutumika 1992. Tangu hapo haikuwa tena kazi ya mgeni fulani kubembeleza watu.

Sasa nieleze jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi wanadhani ni uchawi wa mizani. Baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga yaendelea kuserereka. Hii haina hilo. Pedali zimefungwa kwenye kitovu cha gurudumu lenyewe. Gurudumu likizunguka, pedali zazunguka, iwe mbele au nyuma. Kwa hiyo breki ni miguu yako. Ukiinama mbele kidogo unaanza kuanguka, na hapo wakanyaga ili gurudumu likimbilie chini yako kabla hujafika ardhini. Kisha unaanguka tena, wakanyaga tena. Mwendo wote ni huo, kuanguka ambako hakumaliziki. Anayetaka kwanza atulie sawasawa ndipo aende, hatakwenda popote.

Mtoto hupewa gurudumu la inchi 16, 18 au 20 kulingana na urefu wake. Akisimama kando yake, kiti kiwe karibu na kitovu chake. Kosa la kila anayeanza ni kusimama juu ya pedali kwa hofu; miguu hutetemeka na baada ya dakika tano amechoka. Uzito wote yataka ukae kwenye kiti, mgongo uwe wima, na macho yatazame mbele. Ukiangalia gurudumu, umekwisha. Na ukianguka, wacha baiskeli iende zake, wewe shuka kwa miguu. Nilijaribu mwenyewe jioni moja uwanja ulipokuwa mtupu. Sitasema zaidi ya kwamba mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Watoto wanashika wapi wakianza? Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mchezo huu ulishika kule. Viwanja vya skuli za msingi Japani vina vyuma vya kuning'inia, vifupi, vimepangwa safu moja kutoka kifupi hadi kirefu. Vipo siku zote kwa ajili ya mazoezi mengine. Mtoto hupanda hapo, akashika chuma kwa mkono mmoja, akasogea hatua kwa hatua mpaka mwisho wa safu, akageuka. Hakuna aliyehitaji kujenga kitu kipya, wala mwalimu hakuhitaji kujua kupanda. Baada ya vyuma ni mikono: watoto wawili wanaojua wanamshika wa katikati, mmoja kila upande, wanakwenda naye. Akishaweza, naye anakuwa mkono wa mwengine.

Binti yangu aliingia darasa la tatu bila kujua Kijapani zaidi ya salamu. Mwezi wa kwanza alikuwa anarudi nyumbani kimya. Nikimuuliza amecheza na nani, anasema amekaa. Mama yake akaanza kusema turudi kwetu, masomo yangu si bora kuliko mtoto, na sikuwa na la kumjibu. Kisha siku moja akaingia na goti limechubuka, anacheka, akaniambia, "Baba, leo wamenishika mikono."

Kupanda gurudumu moja ukiwa umeshikwa hakuhitaji maneno. Yule anayekushika anajua ukitaka kuanguka kabla wewe hujajua. Wiki kama tatu alikuwa kwenye vyuma kila mapumziko, kofia nyekundu kichwani, na siku aliyovuka uwanja peke yake alikuwa tayari anajua majina ya wasichana wanne na maneno yote ya kupiga kelele. Nasema wasichana kwa sababu wengi niliowaona kwenye mchezo huu ni wao. Hushikana mikono sita au wanane, wakazunguka kama pangaboi. Wavulana walikuwa na mpira wao.

Kipimo cha kwanza cha shirikisho la kimataifa ni kupanda bila kushikwa na kwenda mita 50. Alikipita kabla sijamaliza muhula wangu wa pili. Skuli ilikuwa na sharti moja kali, kwamba hakuna kutoka nayo barabarani.

Tuliporudi Mombasa alikuja na yake, ya inchi 20. Twakaa Mji wa Kale, na vichochoro vyetu, kwa wanaovijua, vina kuta pande zote mbili za kushikilia, ingawa bodaboda nazo zapita humo humo. Siku ya pili kulikuwa na watoto kumi na mmoja mlangoni. Mama mmoja jirani, mtu wa heshima zake, akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama tunamwandaa mtoto kwa kazi ya hotelini. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe langoni kule nilidhani hivyo hivyo.

Nilimwita yule mama alasiri moja, nikampa kiti barazani, atazame. Mjukuu wake alikuwa katikati, ameshikwa na binti yangu upande huu na mvulana wa nyumba ya pili upande ule. Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Hajasema kitu, ila mjukuu bado yuaja.

Wiki iliyopita tairi liliingia msumari. Mpira wa ndani wa inchi 20 ni ule ule wa baiskeli za watoto, kwa hivyo fundi wetu hakukosa. Aliuziba, akautia upepo, akaigeuza baiskeli huku na huku, kisha akaniuliza lile gurudumu jengine nitaleta lini.